Ufunguo wa Ukumbi

Nilikosa mara mbili.
Zimebaki sekunde nne, tumeachwa pointi moja,
nimesimama mstarini peke yangu na mitupo miwili ya bure,
na mji mzima wa Butte umebana pumzi.
Wa kwanza uligonga chuma, ukanirudia kama deni.
Wa pili haukugusa hata chuma.

Ndani ya basi hakuna aliyenisemesha.
Theluji ilipiga ubavuni, vioo vimeganda,
na Kocha Verna Stimac, kiti cha mbele karibu na dereva,
goti lake bovu limenyooshwa njiani,
hakugeuka hata mara moja.
Nikasema moyoni: haya, nimekwisha.

Shuleni, wengine walipokwisha kuteremka,
akanifumbua kiganja, akakiwekea ufunguo
wenye joto bado la mfuko wake.
"Kesho, Aila. Saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Wewe ndiye utakayetufungulia."
Hakusema pole.
Pole ya mama yule ilikuwa na meno.

Baadaye ndipo nikaijua desturi:
hakuwahi kumpa ufunguo nahodha, wala mfungaji bora.
Alimpa aliyekosa.
Alimpa Lempi, aliyefeli hesabu akataka kuacha shule.
Alimpa Corinne, wiki ile mgodi ulipofungwa
na baba yake akaanza kuvunja vyombo usiku.
Mwenye ufunguo habaki kitandani.
Nje kuna wasichana kumi na mmoja
wanarukaruka kwa baridi, wanapuliza vidole,
wanakutazama wewe, na huna budi kufungua.

Nasi tukikosea hakuuliza, kwa nini?
Aliuliza: "Miguu yako iko wapi?"
Tukatazama chini. Miguu ilikuwa popote,
mmoja huku, mmoja kule, kama ya ndama wa jana.
Ipange. Haya, tupa tena.

Juu ya enzi zake mwenyewe, kimya.
Tulisikia tu kwamba alichezea chuo kule Spokane,
kwamba goti lilikatika usiku mmoja, na basi.
Alipofariki, mwezi Machi, tukaenda kusafisha banda lake,
na chini ya makopo ya rangi yaliyokauka
tukakuta jezi namba ishirini na mbili imeliwa na nondo,
na kipande cha gazeti: pointi thelathini na moja, mchezo mmoja.
Thelathini na moja! Na sisi alitupigia kelele
miaka yote ile kwa ajili ya pasi.
Juu ya meza, mahali pa heshima, palikaa madaftari yake.
Si mbinu za mchezo. Majina yetu.
*Aila: viatu vinambana, hasemi.*
*Corinne: hajala tangu jana. Mkate, kwenye kabati langu.*

Makaburini Lempi, bibi sasa, alitoa kitu mkobani.
Ufunguo. Kisha mwingine akatoa wake, na mwingine.
Kumbe kila mmoja alichonga wa pili kwa siri kabla ya kurudisha,
wezi watupu, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.
Kufuli la ukumbi lilibadilishwa zamani.
Funguo zile hazifungui kitu chochote duniani.
Tulicheka mpaka kasisi akakohoa.

Mimi naendesha gari la kusukuma theluji, zamu ya usiku.
Jumanne na Alhamisi jioni nina filimbi shingoni
na watoto wasiosikia.
Jana Teagan alikosa, mbele ya watu, mbele ya mama yake,
akajifungia chooni.
Nikampa ufunguo, mpya huu, wa kufuli jipya.
Sikusema pole. Ilinikaa kooni, nikaimeza.

Leo alfajiri nimepita na gari mbele ya shule.
Usiku kucha ilianguka, imelala laini, haijakanyagwa,
ila mstari mmoja wa nyayo kutoka barabarani
hadi mlangoni, na dirisha moja lina taa.
Miguu yake iko pale.
Nikainua koleo la gari juu kabisa
nikapita polepole, nisizifukie.