Kabla Sijakupa Ufunguo

Hesabu pesa zako taratibu, Dashzeveg,
mimi bado sijamaliza kuuza.
Pikipiki haiuzwi kwa bei peke yake,
huuzwa na tabia zake,
na hii yangu ina tabia.

Asubuhi za Tosontsengel unazijua:
mate huganda kabla hayajafika chini.
Basi usiku ing'oe betri, ulale nayo hemani,
karibu na jiko, si juu ya jiko,
kama mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Kukicha vuta choki, piga kiki, kisha ngoja.
Chai, bakuli moja. Mngurumo usikudanganye:
oili bado nzito kama uji uliolala,
na ukiikimbiza hivyo utaimaliza injini.

Cheni. Njoo, inama hapa.
Ibonyeze katikati kwa vidole viwili:
icheze upana wa kidole gumba, basi.
Ikikazwa mno itakatika, ikilegea itaruka,
nayo haikuulizi irukie wapi.
Ipake oili jioni, ingali na joto la safari.
Mafuta ya mkia wa kondoo?
Baba alijaribu.
Mbwa walimfuata hadi mjini.

Geji ya upepo iko chini ya kiti, ndani ya soksi.
Tairi hupimwa kwa geji, halipimwi kwa teke.

Kiti nimekishona mwenyewe,
ngozi ya beberu la kondoo, manyoya juu;
kiuno chako kitanishukuru ukifika Mto Ider.
Hata hivyo kila saa shuka, tembea, tikisa mikono,
kondoo wakikucheka waache wacheke.
Gazeti kifuani, chini ya koti: upepo haujui kusoma.
Na glavu zile nene, si hizi za kuvalia harusini.
Vidole vilivyoganda havina breki.

Kwenye barafu, breki ya mbele isahau kabisa.
Punguza gia, guso dogo la mguu wa kulia,
macho mbali, huko unakotaka kwenda;
ukilitazama shimo la panya wa nyika
utaliingia, kama mtu aliyealikwa.

Kofia ngumu si ya kuning'iniza kwenye usukani.
Usukani hauna ubongo.

Na maziwa ya farasi ya harusini,
yakishakuchangamsha, lala hukohuko.
Farasi wa babu yako alijua njia ya nyumbani
hata mpandaji akiwa gunia.
Hii haijui njia. Hii inajua mbele tu.

Unaona bati la nyuma lilivyo jipya, na kioo cha kulia?
Vya zamani vilibaki barabara ya Uliastai.
Balbu ya nyuma iliungua Jumanne.
Sukhee akasema, nitanunua Jumamosi nikienda sokoni.
Alhamisi, giza limeshashika,
lori la sufu lilikuwa nyuma yake,
na dereva, ninamwamini, aliona vumbi tu.
Balbu yenyewe ni bei ya pakiti ya peremende.
Miaka miwili nimeipanda baada ya kuinyoosha
na kila machweo nimeizunguka kwa miguu,
nikabonyeza breki kwa mkono, nikachungulia:
nyekundu, ipo.
Kwa hiyo usiniulize kwa nini kwenye kitambaa hiki
nimekufungia balbu tatu.

Pesa zimetimia? Sikuzihesabu.
Haya, ufunguo. Unakwama kidogo, usiulazimishe.

Akaondoka, mgongo umenyooka kama wa mtu anayetazamwa.
Nikasikiliza gia ya pili, ya tatu,
nikaanza kugeuka niingie ndani,
mara juu ya kilima, kwenye rundo la mawe,
akasimama.
Nikadhani amesahau kitu.
Kumbe amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma,
glavu moja mdomoni, vidole viwili vimenyooshwa,
na moshi bado unatoka.

Zima injini kwanza!
Zima, wewe!

Upepo ulikuwa unanipiga usoni,
sauti yangu ilirudi kwangu.
Nikaanza kukimbia.
Ndipo kilima kikanyamaza.