Mtetea

Nilimpa jina la mama mkwe wangu, Blodwen,
Mungu amrehemu, naye anisamehe,
kwa maana siku ya kwanza alipoingia bandani
aliwatazama wenzake watano
kama mtu aliyekuja kukagua vumbi juu ya kabati.

Hapa kwetu Wales, chini ya mlima wa mawe ya kuezekea,
mvua hainyeshi, inakaa.
Kuku wanakaa nayo chini ya mkokoteni uliokufa,
na Blodwen ndiye mgawa pakavu:
wewe hapa, wewe pale,
na wewe, Siwan, nje.

Siwan ni mweupe, mdogo, miguu njiti za kiberiti.
Kwanza alipoteza unyoya mmoja wa mkia.
Kisha mkia.
Jumatatu nilimkuta nyuma ya pipa la maji,
kisogo kimechunwa, chekundu
kama kifuniko cha chupa ya maziwa,
na hakulia.
Ndilo lililonikera. Hakulia.

Jirani yangu Idwal aliegemea ukuta, kiko mdomoni hakina moto.
"Chungu," alisema. "Vitunguu viwili na karoti."
Kwa kila tatizo Idwal ana chungu.
Dada yangu, kwenye simu, akasema nimnyunyizie maji usoni
kila anapodonoa.
Maji, katika nchi hii!
Nilinyunyiza. Akajikung'uta, akanitazama,
akamdonoa Siwan tena
polepole, ili nione vizuri.

Basi nikamfungia kwenye kizimba cha Mostyn,
mbwa wangu aliyekufa Januari,
jikoni, kando ya jiko la makaa.
Siku nne, walisema wanaojua.
Siku nne bila kuonana na wenzake
na cheo kitamtoka kama rangi kwenye nguo ya bei rahisi.
Akirudi atakuwa mgeni,
na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Siku ya kwanza aligonga waya kwa mdomo hadi usiku.
Siku ya pili alinitukana.
Siku ya tatu nilikuwa namenya viazi
nikasikia sauti ya chini, ya kooni,
kama ya mtu anayejisomea barua.
Nikajibu. Sijui nilisema nini.
Tangu Januari sikuwa nimetamka neno jikoni mle
ila "aa" nikijiunguza.

Siku ya nne ikapita.
Siku ya tano nilisema upepo umezidi.
Siku ya saba alitaga juu ya blanketi la Mostyn,
akatetea hata vikombe vikagongana kwenye misumari yake,
na Idwal akauliza, ng'ambo ya ukuta,
kama bado sijapata vitunguu.
"Ana mafua," nikasema.
Kuku yule. Mafua.
Mtetea ni yeye, na anayetetea ni mimi.

Siku ya tisa nilimtoa nje, nimembana kwapani.
Moyo wake ulikwenda mbio
kuliko nilivyodhani moyo mdogo vile unaweza.
Nikamweka chini, kwenye matope, katikati yao.
Hakuna aliyesogea.
Mmoja aliacha mnyoo ukaenda zake.
Kisha Siwan, kisogo kimeanza kuota
vinyoya laini kama ukungu wa mkate,
akaja, hatua, akasimama, hatua,
akamdonoa mara moja, juu ya kilemba.

Blodwen akainamisha kichwa.

Chupa ya maji ilikuwa mkononi mwangu.
Nikamnyunyizia Siwan.

Idwal aliona. Alikitoa kiko mdomoni,
akakitazama ndani kwa muda mrefu,
akakirudisha.