Herufi Nane

Jumatatu anaripoti bweni. Sweta yataka jina,
na fundi wa Toi ameomba hamsini kwa kila herufi.
Nane zote!
Nikanunua sindano, uzi mweupe,
nikamwendea Mastura, kibanda cha pili.

"Ibua sindano mbele, hatua ya punje ya mchele.
Sasa rudi. Ingia tundu lile la nyuma, lilelile.
Na usivute, hiyo si kamba ya mbuzi."

Miaka kumi na tisa nashona soli,
mkono wangu wajua ngozi na nta;
sufu ikajikunyata kama kiwavi.
B ilivimba. O ikawa yai.
Mbele yangu, S.
Nani alimpa mtoto jina la mizingo hivi?
Mimi. Bosibori, jina la mama.

"Penye kupinda fupisha hatua," Mastura,
pini mdomoni, hata hanitazami.
Nikafupisha. S ikakubali.
I nilimaliza usiku, stima imepotea,
kwa tochi ya simu.

Asubuhi aliipindua sweta kwanza, akapapasa ndani,
nyuzi zilivyopandana, nene maradufu, jina kinyume.
"Baba, huku ndiko kumekaza."
Akaivaa. Jua lote lile la Januari,
hakuivua.