Mkia Unaotembea

Daiva alinunua daftari la mirabamiraba
kwenye duka la vitu vya pauni moja, mjini Grimsby.
Huliandika usiku, zamu ikiisha,
vidole vyake vingali na shombo.

Wiki ya kwanza Noreen, msimamizi, alimwambia,
"We knock off at ten."
Daiva akatazama huku na huku.
Tugonge nini? Kianguke kutoka wapi?
Ilipotimu saa nne akaligonga kreti la mwisho,
minofu ikatapakaa sakafuni,
nasi tuliokwisha vua glavu
tukapiga magoti kuiokota.
Kumbe kazi basi, kila mtu kwao.

Mimi niliyesimama naye kwenye mkanda ule
nimelelewa na lugha ya kushonea:
pika, pikia, pikisha, pikika,
mkia umeshikana na mwili, hauzururi.
Hawa mkia wanauachia.
"Turn that radio in the corner off!"
Kitenzi kimesimama mlangoni,
redio iko katikati, inaimba,
na mkia ndio kwanza unawasili, unahema.

"Put up with" aliiandika mara tatu.
Weka. Juu. Na.
"Na nani?" akaniuliza.
Nikamwambia ni kuvumilia.
Akaangalia dirisha, mvua ya ubavu,
akasema kwa Kilithuania neno
ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Februari mashine ya barafu ikafa.
"It's broken down," wakasema,
Clive akaja na spana, ikafufuka.
Daiva akaandika: break down, kuharibika, mwite Clive.

Alhamisi Sheila wa ofisini akaja mbio:
"Noreen's broken down. Kwenye makabati."
Daiva akatoka mbio kumwita Clive.

Wakamkuta benchini, aproni bado kiunoni,
simu imelala mapajani kifudifudi,
mabega yakipanda na kushuka bila sauti.
Mama yake, hospitali, alfajiri ile.
Clive akaificha spana nyuma ya mgongo
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Daiva alipekua kichwa chake chote.
Vitenzi vyote vilikuwa vya samaki.
Kikabaki kimoja, cha simu za benki,
kile wanachokuambia kabla ya muziki.
Akaketi. Akasema,
"Hold on."
Noreen akaushika mkono wake,
akaushika hasa, mpaka kucha zikaacha alama.

Usiku ule, ukurasa wa H,
chini ya neno *subiri*
Daiva aliongeza kwa penseli: *usiachie*.
Akaweka alama ya kuuliza.
Akaifuta.

Na Clive, kwa kuwa spana ilikuwa mkononi
na hakujua pa kuipeleka,
alikaza bawaba za kabati namba saba
lililokuwa likilia tangu Krismasi.