Kubisha

Mwalimu wa Kiingereza pale Mkomani
alikuwa na neno lake la mlangoni
na jingine, mbali kabisa, la kutokubaliana.
Nikamwambia: sisi moja latutosha.
Akasema nimekosea.
Nikabisha.

Leo nimesimama dakani kwa ami Shekuwe,
kiganja ki juu ya tumbuu,
kifuani karatasi ya marehemu mama:
minazi kumi na minne ya Matondoni,
na zamu yake ya kisima.

Nabisha. Kimya.
Nabisha tena; kandambili zasita ndani.
"Nani?"
"Mwanaheri."
"Kama ni la minazi, nyumba hii haibishwi."

Haibishwi!
Na wageni wako, ami, huingilia darini?

Anayekataa hukupa kisogo akenda zake.
Anayekana, hata kukujua hakujui.
Mimi nabisha:
viatu nimevua,
jina nimetaja,
uso wangu umeelekea kwako
na mbao hizi tu ndizo kati yetu.

Hodi ni tatu, kisha mtu hurudi kwao;
wewe ndiye uliyenifunza.
Mbili nimezitumia.
Ya tatu naishika mkononi,
nakaa hapa barazani,
sijaibisha.