Niliyekuwa Ndani ya Bati

Nahodha Ussi kaandika kitabu.
Kurasa mia mbili na kumi, jalada la buluu,
picha yake mbele, kidevu juu,
kana kwamba bado anaiona Zuhura.
Anasema mlango wa chombo ulikuwa ukifunguka wenyewe.
Wenyewe!
Mlango ule akiuvuta Vuai kwa kamba ya usumba,
kajibanza nyuma ya ubao na bakuli lake la urojo,
na siku aliyosinzia
Nahodha aligonga paji la uso mbele ya viumbe wa sayari nzima,
akashika kichwa, akanguruma, "Tumevamiwa!"
Michenzani, watu walisimama juu ya viti.

Bi Raya naye kaandika chake.
Kitamu zaidi, yule ana ulimi.
Anakumbuka anga letu:
kaniki mbili za Darajani zilizotobolewa kwa msumari,
nyuma yake balbu ya wati mia.
Kila nyota Maalim Shaame aliitoboa kwa mkono,
na moto wa balbu ukawa unaila moja, ya upande wa kibla,
kila wiki kubwa zaidi,
hata mwandishi akaona haya, akaitungia kipindi.
Yote hayo yamo.
Mimi nimo ukurasa wa tisini na nne:
"na roboti."
Basi.

Mie Faki Machano, fundi bati wa Mwembeladu.
Waliniita nilishone tu lile dude:
kichwa madebe mawili ya samli, kiwiliwili pipa,
juu yake karatasi za fedha za pakiti za sigara
alizoziokota mke wangu baraza kwa baraza.
Nikalipimia mwili wangu, sikuwa na mwengine.
Aliyechaguliwa kulivaa, tumbo likakataa.
Ndivyo nilivyokuwa mwigizaji.

Maneno yangu yalikuwa manne:
Naam, Nahodha. Njia nyeupe.

Mwezi tuliutafuta Makunduchi, maweni,
jiwe tupu lenye meno. Ramadhani, saa saba mchana.
Nimefunga, bati linanikaanga,
jasho limejaa viatuni, nawasikia watoto
wakibishana kama ndani mna mtu au mna injini.
Fundi wa kamera akasema filamu imekwisha, pumzikeni.
Wote wakakimbilia kivuli cha lori.
Mie ni wa kufunguliwa skrubu kumi na mbili,
nikaachwa.

Akaja Bi Raya.
Akauweka mkono kifuani pa pipa, nikausikia kwa ndani,
akasema jambo la nyumbani kwao,
la mlango uliogongwa usiku,
na aliyetoka na kanzu ya kulalia.
Sitosema zaidi. Zama zile maneno kama hayo
huambiwi hata na ndugu yako.
Nami nilikuwa na maneno manne tu.
Nikatoa mawili ya mwisho,
kwa sauti yangu, si ile ya mashine.
Mkono haukutoka upesi.

Kanda zilifutwa, wakarikodi mpira juu yake.
Kichwa changu kiko uani, kimeota nanaa.
Kitabu cha Bi Raya nimekisoma mara tatu
nikiitafuta siku ile. Haimo.
Hata yule wa kanzu hamo.

Juzi nikapanga foleni skuli, anasaini nakala.
Hakuinua macho. Miwani nzito, mkono unatetemeka.
Nimefika nyumbani ndipo nikafunua:
"Njia nyeupe," na jina lake.

Au labda anawaandikia wote.
Sikumuuliza aliyekuwa nyuma yangu.