Mchwa wa Chini, Mchwa wa Kasha

Muhenna alikuja na tochi na bisibisi,
akapiga goti ukumbini, nyumba ya bibi, Ibra,
akagonga boriti kama daktari agongavyo kifua.
"Mna mchwa wa aina mbili," akasema,
"na hawajuani."

Wa kwanza hutoka chini.
Kiu ndiyo kiongozi wao: falaji inavuja nyuma ya jiko,
nao huufuata unyevu gizani,
wakipandisha ukutani mshipa wa udongo
mwembamba kama kidole cha mtoto,
maana jua la Ibra likiwagusa hukauka
kabla hujamaliza bismillahi.
Wamekula magogo ya mtende kwa ndani,
wakaacha ganda, pengo wakajaza tope,
ati tope nalo litabeba dari.
Uvunje mshipa wao jioni,
alfajiri umeshaungwa.

Wa pili hawaijui ardhi.
Hawanywi. Tone lao hulikamua mtini,
mti uliokauka kau.
Hao wamo katika kasha la bibi,
lile la misumari ya shaba, lililovuka naye kutoka Unguja
mwaka ule usiotajwa humu ndani.
Hawajengi njia. Waende wapi?
Hudondosha chembe tu, kijirundo chini ya kasha,
ambacho mama amekifagia miaka thelathini
akidhani ni ufuta uliopukutika mkateni.

Muhenna akanipa kioo cha kukuzia.
Chembe moja, juu ya ukucha wangu: pande sita.
Nikahesabu tena. Sita.
Seremala gani ana mkono huo?

"Yupi mbaya zaidi?"
"Wa chini atakuangushia paa, na upesi.
Wa kasha hana haraka na mtu.
Ila dawa ya huyu haimdhuru yule:
wa chini nitamwagia sumu msingini,
kasha tulifunge nailoni, tulivute moshi siku tatu."

Mama, ambaye Kiarabu chake bado kinachekwa sokoni,
alikuwa mlangoni na ufagio.
"Mwaga huko chini," akasema. "Kasha liache."
Muhenna akaandika riali arobaini, akaondoka.

Usiku nililaza sikio juu ya kifuniko.
Nilisikia, au nilidhani nasikia,
kitu kikitafuna taratibu,
kama mtu anayesoma barua kwa kunong'ona
asiwaamshe wenye nyumba.

Asubuhi nilifagia ufuta.